Paji la Uso la Rais

Rosine aliuwahi mlango kwa mguu kabla mkuu wa biro ya nyaraka hajaufunga.

“Hii maneno ya Rais haikuangalie, Mama, si kazi yako,” mkuu akasema. Alikuwa kijana wa suti, jina lake Joël, aliyeletwa juzijuzi kutoka Lubumbashi, na hakutaka matatizo.

“Papa yangu alifungwa juu ya maneno ya Rais. Inaniangalia kuliko weye. Makaratasi ya zamani ni ya raia, na mie ni raia. Ondosha mukono!”

Joël akautazama ule mguu, akawatazama watu kwenye foleni waliokwisha kuanza kucheka, akaondoa mkono. Rosine akaingia.

Kesi yenyewe Kalemie nzima iliijua. Enzi za Rais yule, ambaye sasa ni marehemu, gari la wazi lilipita mbele ya stesheni ya reli. Rais alikuwa amesimama ndani, miwani myeusi usoni, anapunga mkono. Buloni, parafujo nene ya kufungia reli, ikaruka kutoka katikati ya umati, ikampata kwenye paji la uso. Watu waliiona damu. Askari wakamkamata mfanyakazi wa reli aliyekuwa karibu, Papa Ignace, baba yake Rosine.

Alikaa gerezani mpaka Rais alipoangushwa. Alipotoka, reli haikumtaka tena, na hukumu ikamganda kama lami. Mwenyewe hakuwahi kusema ndiyo wala hapana. Ukimuuliza, anakutazama tu, kisha anaomba chai. Sasa alikuwa amezeeka, na Rosine alikuwa ameapa kwamba baba yake hatazikwa na jina la mhalifu.

Kilichomkera zaidi ni hadithi ya dawa. Wiki ile ile Rais alionekana kwenye televisheni, paji lake laini kama la mtoto mchanga. Basi mji mzima ukakubaliana kwamba ana dawa kali. Mpaka leo mtaani Lubuye utasimuliwa habari hizo, na wapo wanaokutajia hata mganga aliyemchanja. Rosine kila akisikia anapandwa na hasira. Dawa gani hiyo? Mtu anaozea gerezani kwa kidonda ambacho hakuna anayeweza kukionyesha!

Ndani, mtunza nyaraka Papa Casimir alikuwa amekwisha kumwekea kiti. Mzee mrefu, mwenye kutembea kifua mbele kana kwamba kuna watu wanampigia makofi njiani, hata wenzake wakamwita Ekselansi kwa kumtania. Zamani aliwahi kufanya kazi Kinshasa, kwenye protokole ya ikulu. Kofia yake ya sufi haikutoka kichwani hata jua likiwaka vipi. Kwenye matanga ya mke wake hakuivua, na padri alikwisha kuchoka kumsema.

“Unatafuta nini, Mama?”

“Kila kitu Rais alifanya siku ile. Aliamukia wapi, alikula nini, alionana na nani.”

Papa Casimir akapanda ngazi, akashusha katoni ya juu kabisa bila hata kusoma kilichoandikwa ubavuni. “Njo hii,” akasema.

Enzi zile ikulu iliandika shughuli za Rais kila siku, si zilizopangwa bali zilizofanyika, na kila gavana alitumiwa nakala kwenye bahasha yenye lakiri. Nyingi hazikuwahi kufunguliwa. Magavana waliogopa kujua. Rosine akazipasua moja moja: misa, kinyozi, mabalozi, jino lililong’olewa, usingizi wa mchana. Akaifikia siku ile.

*Homa. Rais hakutoka kitandani, ikulu, Kinshasa. Hakupokea mtu.*

“Hiyo haitoki humu!” Joël alikuwa amesimama nyuma yao, jasho likimtiririka. “Mutaniua!”

Papa Casimir alitoa nakala, akachukua muhuri, akaugonga kwa kishindo kilichosikika hadi kwenye foleni.

“Ule muntu nilimuficha ya kutosha,” akasema, akamkabidhi Rosine karatasi.

Mahakamani jaji aliisoma mara mbili. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu.

“Kama Rais alikuwa Kinshasa na homa, ndani ya gari alikuwa nani?”

“Hiyo si kesi yangu, Mama Jaji,” Rosine akajibu, kidevu juu. “Mie nilikuja juu ya papa. Mulimufunga kwa kumupiga muntu ambaye hakukuwa pale. Leo mumurudishie jina lake!”

Watu wakapiga makofi mpaka wakanyamazishwa. Jaji akaifuta hukumu. Rosine akalia hadharani bila kuona haya, akaikunja ile karatasi mpya yenye muhuri na kuikumbatia kifuani. Hatimaye mji mzima ungejua kwamba baba yake alionewa.

Papa Ignace alitoka nje taratibu, ameushika mkono wa binti yake. Kwenye ngazi za mahakama Papa Casimir alikuwa akimsubiri. Akamsogelea kwa ule mwendo wake, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu Kalemie imfahamu, akavua kofia.

Juu ya jicho la kushoto palikuwa na kovu, bonde dogo la duara, saizi ya kichwa cha buloni.

Papa Ignace akalitazama, akanyoosha kidole, akaligusa.

“Pole, ndugu yangu,” akasema. “Siku ile nilizani weye njo Rais.”