Soketi ya Mama Nzau

Fundi alikaza skrubu ya mwisho, na soketi mpya ya simu ikakaa ukutani, karibu na kitanda ambacho Mama Nzau hakuwa amekiacha tangu apooze miguu.

"Haya, mama," mke wa mwanawe akasema akiwa mlangoni. "Nzau akipiga kutoka ng'ambo, utaongea naye humu humu. Si ndicho kilio chako cha kila siku?"

Mama Nzau alikuwa amefanya kazi ya opereta wa simu miaka ishirini na mitatu. Akainua mkono wa simu iliyochomekwa hapo, akapuliza pale pa kusemea. Simu ikiwa hai, pumzi yako hukurudia sikioni.

Haikurudi.

"Fundi, umeunga waya?"

Fundi akamtupia jicho mke wa Nzau, kisha akainama kukusanya vifaa vyake.

Baadaye kidogo, simu ya sebuleni ikalia. Mama Nzau akaubana mkono wa simu sikioni, akaita jina la mwanawe mara mbili. Kimya.

"Halo, Nzau?" sauti ya mkewe ikapenya ukutani, imejaa upole. "Pole, mpenzi. Mama amelala."

Fundi akabeba mkoba wake, akatoka, akauvuta mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha.