Tufe la Mlangoni

"Ichukue, shoga yangu, hii ni haki ya—"

"Haki ya nani? Niipike supu? Itoe hapa!"

Riziki, bingwa wa Olimpiki wa kurusha tufe, alisimama mlangoni kwa Mwanaidi na medali yake mkononi. Zamani walifanya mazoezi pamoja, mmoja akirusha, mwingine akiokota. Siku moja Riziki alirusha kabla mwenzake hajatoka uwanjani, tufe likamvunja mguu. Mpaka leo Mwanaidi anachechemea.

Riziki hakuthubutu kuuangalia ule mguu. Akaliangalia tufe lenyewe, limeota kutu, limewekwa kuzuia mlango usijifunge.

Mwanaidi akainama, akalinyanyua, akaliegemeza chini ya shavu kama zamani.

"Basi twende uwanjani," alisema. "Leo narusha mimi. Wewe uokote."