Mbweha Yuko Kwenu

Paliondokea Ngiri, mlinzi wa mpaka, mwingi wa majivuno. Alimkuta Mbweha akiwafundisha watoto wa ngiri kumng'ata yeyote asiyeimba wimbo wake, akamtimua hadi ng'ambo ya kijito, kwa nyani. "Huyo sasa ni mzigo wao," akajisifu.

Kesho yake Nyani, mlinzi wa ng'ambo, akaja akichekelea. "Nipongeze, jirani! Nimemfukuza Mbweha."

"Aliyemfukuza ni mimi. Yuko kwenu."

"Kwetu hayupo. Yuko kwenu!"

Wakabishana hadi makoo yakawakauka. Ndipo wimbo ukasikika kutoka katikati ya kijito: Mbweha mbele, watoto wa ngiri na wa nyani nyuma, wanakuja kwa sauti moja, meno nje.

"Jirani," Nyani akanong'ona, "huo wimbo unaujua?"

"Siujui."

"Basi tushirikiane kukimbia."