Sikio la Rais

Kwanza Zawena aliona nta: tone la njano lenye harufu ya samli iliyochacha, likichuruzika kutoka kwenye sikio lililolazwa ndani ya beseni la kioo, juu ya meza ya chakula. Alilifuta kwa pamba.

Sheria ilikuwa kwamba Rais hatoki madarakani maadamu mwili wake unafanya kazi, kwa hiyo kila nyumba ilimlelea kiungo kimoja cha akiba. Nyumba ya shangazi yake Zawena ilipewa sikio. Lenyewe lilinyweshwa maziwa, na Kheri, mdogo wake Zawena, alipewa uji mtupu.

"Tumpe Kheri kidogo, shangazi. Amekonda."

"Sikio likioza tutafungwa sote! Unataka nchi iyumbe kwa kikombe cha maziwa?"

Balozi wa nyumba kumi alipita kukagua. "Limenona, mashallah!" alicheka. "Uchaguzi wa nini tena, bibie? Rais si mnaye humu humu ndani?"

Shangazi alipotoka kumsindikiza, Kheri alianza kulia njaa. Zawena, ambaye hata salamu huiitikia kwa kunong'ona, alimnywesha maziwa yote, kisha akaliinamia lile sikio.

"Hatukutaki," alisema kwa sauti.