Bado Wako Hai

“Bado wako hai, mama.”

Mkwe alilazimika kupaza sauti mbele ya dirisha la wodi ya kifua kikuu. Kioo kilikuwa kinene, na sindano za dawa zilishaanza kumla mama mkwe masikio.

“Wako hai kina nani?”

“Bakteria, kwenye makohozi yako. Kompyuta imesema.”

Mama mkwe akavuta shuka. “Hiyo kompyuta yako kama wewe tu, haijui kuleta habari njema. Na hilo shati, umelipiga pasi au umelikalia?”

Mkwe akacheka kwa adabu. Alikuwa fundi wa maabara, na miaka yote ya ndoa alisemwa hivyo hivyo: shati, mshahara, hata namna anavyotafuna. Hakuwahi kurudisha neno. Majirani walimwonea gere huyo mama. Mkwe wa namna ile humpati hata kwa dawa.

Kompyuta aliifunza mwenyewe. Alijifungia na picha za darubini, akawa anawazungushia duara bakteria mmoja mmoja, huyu hai, huyu mfu, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Ikaiva. Sasa inamaliza picha kufumba na kufumbua, na daktari hajainamia darubini tangu hapo. Ikiona wafu watupu, mgonjwa anarudi kwake. Ikiona walio hai, sindano inaendelea.

“Mama atakuwa kiziwi,” mke wa mkwe alimlilia daktari. “Zisimamisheni.”

“Afadhali kiziwi kuliko maiti, dada. Bakteria wa safari hii ni wakali. Wodi nzima ile hajapona hata mmoja.”

Basi zikaendelea. Kwanza mama mkwe aliacha kusikia simu. Kisha mlango. Mwishowe binti yake alimwita mpaka sauti ikamkauka, na yeye akaendelea kutazama ukuta.

Kesho yake mkwe alikwenda peke yake. Akavuta barakoa vizuri juu ya mdomo, akapunga mkono mpaka mama mkwe akageuka, kisha akainamisha kichwa kwa heshima.

“Walikufa zamani, mama,” alisema kwa upole. “Wa kwako, na wa wodi nzima. Mashine niliifunza kusema wafu wako hai.”

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

“Asante, mwanangu,” alisema. “Endelea hivyo hivyo.”