Fuko Aliyebaki Lindoni

Zamani hizo mafuko na panya waligombania shamba moja la muhogo. Kila upande ulichimba handaki lake ukajificha humo, na aliyethubutu kuchungulia alipigwa jiwe. Vita viliwamaliza, hata upande wa mafuko akabaki mmoja tu, Fuko, mtiifu kupita kiasi. Kila jioni alidunda ardhi kwa kichwa, kama mafuko wafanyavyo, ili adui ajue lindo lipo. Kutoka ng'ambo, Panya alimjibu kwa kikohozi.

Siku moja Fuko alishikwa na homa, akashindwa kudunda. Punde Panya akaingia handakini, jembe begani.

"Umekuja kuniua?" Fuko aliuliza.

"Nimekuja kukuzika. Hukudunda, nikajua umekufa."

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekwisha, ndugu yangu. Nilikuwa nakohoa ili mdhani tupo wengi."

"Hata mimi niko peke yangu," Fuko alisema polepole.

Wakapanda juu kulitazama shamba. Muhogo wote ulikuwa umenyauka, maana mahandaki yao yalikuwa yameukata mizizi.

"Twende zetu," Panya akasema. "Hapa pana nini tena?"

"Jemadari hajaniruhusu."

"Yuko wapi huyo jemadari?"

Fuko akaonyesha kaburi lililokuwa nyuma yake. Panya akatwaa jembe lake, akaenda zake.

Jioni Fuko alijikongoja hadi lindoni, akadunda ardhi kwa kichwa, akatega sikio asikie kikohozi. Kimya. Akadunda tena, kwa nguvu zaidi.