Asubuhi Tulipohamia Kulia

Mwaka mpya ule, serikali iliamuru kuanzia asubuhi ya Januari mosi magari yote yaache kushoto, yapite kulia. Mimi nilikuwa dereva wa lori la mikate, na bibi yenu kaketi pembeni yangu.

Kule mbele, darajani, likatokea lori la mkaa. Dereva wake kashika upande wa zamani, anatujia uso kwa uso.

"Mpishe, baba watoto," bibi yenu akasema. "Rudi kushoto."

"Na yeye akikumbuka sheria je?"

"Hiyo sheria ndiyo itakayotuzika."

 Nikabaki kulia, nikakanyaga breki.

Dereva mwenzangu nikamwona anatema sigara, anakata kuja kushoto kwetu, palepale bibi yenu alipotaka niende.